Bipu Moja Kutoka Ubaruku

Serikali ikitaka kuniambia kwamba mama yangu yuko hatarini, hunitumia meseji ya herufi kubwa. TAHADHARI, halafu jina la kata, halafu mvua kubwa milimani, halafu wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari. Inaingia kwenye simu yangu pamoja na tangazo la kifurushi cha wikiendi na ile meseji ya matapeli ya 'ile hela tuma kwenye namba hii'. Zote zinalia mlio uleule. Mimi naishi Ilomba, hapa Mbeya mjini, ambako mvua ikizidi inanichafulia viatu tu. Mama alikuwa Ubaruku kwenye mpunga, na huko mvua ikizidi ni habari nyingine kabisa. Lakini meseji za Ubaruku zilikuwa zinakuja kwangu. Watu wananiuliza kwa nini, na mimi nimezoea kuwajibu ovyo, kwa hiyo leo naeleza mara moja.

Walipita nyumba kwa nyumba na daftari, mtendaji wa kijiji na mama mmoja wa kamati ya maafa. Wakasema kuna mfumo mpya wa nchi nzima, hatari yoyote ikikaribia, simu za watu wote wa eneo hilo zitapata ujumbe kabla. Mama alikuwa na simu, kiswaswadu nilichomnunulia Chimala siku ya gulio. Alichokuwa hana ni kusoma. Akawaambia, "Sasa hizo barua zenu mkinitumia mimi nitazifanya nini, nitafunikia mboga? Mpelekeeni mwanangu wa Mbeya, yeye ndo amesoma. Atanipigia." Wakaandika jina lake, na mbele ya jina lake wakaandika namba yangu.

Siwalaumu. Kwetu ndivyo tunavyoishi. Mzazi asiyesoma ana mtoto wake wa kusomea, mmoja, anajulikana, kama vile kila nyumba ina mtu wake wa kuchinja kuku. Wengine wanaweza kusoma vilevile, lakini hawaulizwi. Kwa mama nilikuwa mimi. Barua ya shule, kadi ya kliniki, maandishi kwenye chupa ya dawa ya magugu, vyote vilisubiri nije au nipige simu.

Hata laini yenyewe ilikuwa ya jina langu. Siku ile ya kusajili kwa alama za vidole nilimpeleka mwenyewe. Akaweka kidole gumba, mashine ikakataa. Yule dada msajili akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta, akamfuta tena. Tukajaribu vidole vyote kumi, mashine haikuona kitu. Jembe na kupandikiza mpunga, miaka na miaka mikono majini, vilikuwa vimemfuta alama zote. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe naweza kuiba na hamnipati!" Nikaweka kidole changu, tukaondoka.

Meseji ya kwanza ilinikuta kwenye genge langu, nauza mchele. Niliisoma mteja akiwa mbele yangu, akaniuliza kama nimefiwa. Nikapiga.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa mume wangu mpya," akasema. "Niwe wapi tena? Niko shambani naamia ndege."

"Shuka uende shuleni sasa hivi. Serikali imesema maji yanakuja."

"Maji ya wapi wewe? Huku jua linawaka."

"Mvua imenyesha milimani, mama. Yanakuja na mto. Jamani, shuka!"

Akashuka. Alikuwa juu ya dungu, na dungu lenyewe ni miti minne iliyochomekwa katikati ya mpunga, juu yake fito na majani kidogo ya kuzuia jua. Mpunga ukianza kukomaa lazima mtu akae pale tangu alfajiri hadi magharibi, apige debe, arushe mawe kwa kombeo, apige kelele mpaka sauti ikauke. Ukiondoka, kweleakwelea wanashuka wote kwa pamoja, na wakiinuka wamekuachia mabua. Shule ya msingi iko kwenye mwinuko ambao ukitembea hata huuoni. Mama alikaa kwenye kibaraza cha darasa tangu saa tatu mpaka alasiri. Maji hayakuja. Ndege walikuja, na aliporudi kona nzima ya jaruba la mpunga la juu ilikuwa imekwisha.

Meseji ya pili ilikuja wiki iliyofuata. Nikampigia tena, akapanda tena shuleni, maji hayakuja tena. Jioni akanipigia mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi, maana vocha kwake ilikuwa kama dawa, ya kutumia ukiumwa.

"Hebu nisomee hiyo barua yao yote," akasema.

Nikamsomea.

"Waishio mabondeni. Bonde gani? Ubaruku nzima bonde. Wachukue tahadhari. Inachukuliwa wapi, dukani?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana. Mama alikuwa na ulimi, na nilipenda kumsikia akiisuta serikali utafikiri ni wifi yake. Halafu akasema neno ambalo sikulipa uzito wakati ule. Akasema, "Mwanangu, usiwe unamaliza vocha kuniambia maneno yaleyale. Ukiona barua yao, we nibipu tu asubuhi. Nitajua ndo hiyo. Nikishafika shuleni na mimi nakubipu mara moja, roho yako itulie."

Tukakubaliana hivyo. Mfumo wa nchi nzima, na mitambo yake sijui ya wapi, sisi mama na mwana tukaufupisha ukawa bipu mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Na nilijiona nina akili.

Sasa nafika mahali ambapo nikisimulia kwa mdomo huwa naruka.

Ilikuja meseji ya tatu. Nikambipu. Bipu yake ikarudi papo hapo, hata sijaweka simu chini. Kutoka kwenye dungu mpaka shuleni ni mwendo wa kupika ugali na mboga yake. Nikampigia. Akapokea, na nyuma yake nikasikia debe. Paa, paa, paa, halafu kimya kidogo, halafu paa tena.

"Mama, hicho kinacholia ni nini?"

"Watoto wa shule hao. Wanacheza ngoma."

"Haya mama. Kaa hapohapo usitoke."

"Nitoke niende wapi?"

Nikakata simu. Ilikuwa Jumamosi.

Nilijua. Sitaki kuja kusema kwamba nilihisi, au kwamba nilikuwa na wasiwasi fulani. Nilijua kabisa. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimesimama kwenye genge langu na kipimo mkononi, na nilijua mama yangu yuko juu ya dungu anapiga debe huku ananidanganya, na nikamwambia kaa hapohapo. Sababu naijua pia. Mwaka ule nilikuwa nimemwambia mpunga ukitoka naezeka nyumba. Kuta zilikuwa zimesimama Ilomba misimu miwili, nyasi zinaota sebuleni, na majirani wameshaanza kuuliza kama nafuga bustani. Mama alilichukua neno lile kama nadhiri. Yeye alikuwa analinda bati zangu, na mimi nilitaka azilinde. Kwa hiyo alinipa uongo, na mimi nikaupokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Baada ya hapo sikumpigia tena. Meseji ikija, nambipu, ananibipu, nafunga simu naendelea na wateja. Maji yalikuwa hayaji. Kila yasipokuja, uongo wetu ulizidi kunoga.

Siku yenyewe nilikuwa Iringa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa anaozesha binti yake, na sisi wanawake tulikuwa uani kwao Miyomboni tangu alfajiri, tumejifunga khanga juu ya masweta kwa lile baridi lao. Nikahi ilikuwa baada ya swala ya Ijumaa. Mimi nilipewa ungo, kuchagua mchele wa pilau, na mchele wenyewe ulikuwa wa mama, magunia niliyoyabeba kutoka msimu uliopita. Kila aliyepita aliingiza mkono, akaunusa, akasema huu ndio mchele. Nilikuwa najidai vibaya.

Saa nne hivi meseji ikaingia. Safari hii ilikuwa ndefu kidogo, na kulikuwa na neno ambalo zile nyingine hazikuwa nalo. Ilisema wahame MARA MOJA. Nililiona. Nikambipu mama. Nikaiweka simu mapajani nikasubiri, na mikono ikaendelea kuchagua. Ikapita muda kidogo, mrefu kuliko kawaida. Nikasema moyoni, leo labda anapanda kweli. Halafu simu ikalia mlio mmoja, ikanyamaza.

"Nani huyo?" wifi akauliza.

"Mama. Serikali yao imewaletea tena mafuriko ya kwenye simu. Ameshapanda shuleni."

"Alhamdulillahi," wifi akasema.

Wanawake wakacheka kidogo lile la mafuriko ya kwenye simu, na mimi nikacheka nao. Nikaokota jiwe kwenye mchele wa mama, nikalirusha pembeni.

Tulikula. Kwa kweli pilau ilikuwa nzuri na mimi nilikula nikashiba, na hilo nalo linanisumbua, sijui kwa nini linanisumbua kuliko mengine. Bibi harusi alikuwa ameshatolewa nje na vigelegele vimepoa pale simu ilipolia tena. Ilikuwa namba ya yule mama jirani wa shamba, ambaye dungu lake na la mama yalitazamana, wakawa wanapigiana soga siku nzima juu ya mpunga.

"Mwanangu," akasema, "mama yako yuko na wewe?"

"Mimi niko Iringa harusini. Mama yuko shuleni."

Nyuma yake nilisikia watu wengi, na mtoto analia.

"Mimi ndo niko shuleni," akasema. "Hapa hayupo."

Nikapiga simu ya mama. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Nikapiga nikiwa nimesimama, nikapiga nimekaa, nikapiga nikiwa kwenye gari la shemeji kuelekea stendi, nikapiga Mafinga, nikapiga Makambako. Yule dada wa kwenye simu alinijibu kwa adabu ileile kila mara. Kwenye kiti cha pili cha basi baba mmoja aliniambia, dada, acha, utamaliza chaji. Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu, na nilimtukana matusi ya gengeni mbele ya abiria wote. Alivua koti lake akanifunika miguu.

Tulilala Rujewa kwa sababu njia ya kuingia Ubaruku ilikuwa imekatika. Asubuhi nikavuka na watu kwa miguu, maji ya magotini, jua kali, mbingu safi. Mpunga wote ulikuwa umelala upande mmoja, kahawia. Ndege hawakuwepo.

Jirani yule alinipokea pale shuleni. Alikuwa amevaa gauni la mwalimu fulani, kwa sababu nguo zake zilikuwa zimelowa. Akanikalisha kwenye kibaraza kilekile cha darasa na akanieleza bila kuniangalia. Maji hayakuja na kelele, akasema. Yalikuja kama mtu anayefungulia mfereji, yakapanda taratibu kwenye mashina ya mpunga, halafu ghafla yakawa na nguvu. Yeye alishuka mapema. Akamwita mama.

"Nikamwambia dada, leo si utani, angalia chini. Akaniambia, tangulia, mimi nimeshambipu mwanangu. Nikamwambia, kumbipu ndo nini, shuka! Akasema, hawa ndege nikiwaacha saa hii wanamaliza. Ngoja maji yafike kwenye fito ndo nitashuka. Huyu mtoto anaezeka mwaka huu."

Nikamwuliza, "Na siku zile nyingine? Alikuwa anapanda?"

Akaniangalia sasa. "Zile mbili za mwanzo tu. Nyingine alikuwa anabipu palepale juu. Anakubipu, anacheka, ananiambia, haya, nimemtuliza wangu." Halafu akanishika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Ningekupigia nikakwambia."

Alikuwa ananiomba msamaha mimi. Nilitaka kumwambia kwamba nilijua tangu ile Jumamosi, na mdomo haukufunguka. Haujafunguka mpaka leo. Jirani yule bado anadhani yeye ndiye aliyenificha.

Walimpata siku ya tatu kwenye mfereji, majaruba manne kutoka mahali dungu lilipokuwa. Sitaeleza. Tulimwosha wanawake wanne, mimi nikiwa upande wa kulia, na waliponiachia mkono niuoshe nikavifungua vidole kimoja kimoja. Vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga. Havikuwa na mstari hata mmoja. Nikakumbuka yule dada na mashine yake, na mama alivyocheka, naweza kuiba na hamnipati. Wakaniambia nisilie, machozi yasimdondokee maiti. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekasirika.

Nilimkasirikia, ndiyo. Bado namkasirikia. Mwanamke mzima, mwenye akili kuliko wote tuliomzunguka, kufa kwa ajili ya ndege! Kwa ajili ya bati! Hasira ikiisha juu yake inahamia kwa serikali na herufi zake kubwa, kana kwamba tatizo la mama yangu lilikuwa macho. Lakini huko hasira haikai, kwa sababu ile meseji ilikuwa ya kweli. Ilikuja mapema. Ilikuja kwa mtu anayejua kusoma, ikasomwa yote mpaka neno la mwisho. Kila mtu alifanya kazi yake mpaka ilipofika mkononi mwangu, na mkono ulikuwa kwenye ungo. Kwa hiyo hasira inazunguka inazunguka, inarudi hapa nilipo, inakaa.

Watu wa dini wameniambia ajali ni kazi ya Mungu. Mume wangu ameniambia nisijitese, yeye hajui lile la debe. Nimejaribu kumwambia, nikaishia kumwomba anisogezee chumvi. Nyumba ya Ilomba haijaezekwa. Nikipita pale naangalia upande mwingine.

Mwaka huu, kabla ya masika, nilipigiwa simu na dada mmoja mwenye sauti ya ofisini. Akasema wanahakiki orodha ya wapokea tahadhari wa Ubaruku. Akataja jina la mama, lote, na la babu. Sikuwa nimelisikia likitajwa lote tangu makaburini.

"Namba hii bado anaitumia?"

Nilikuwa gengeni. Mbele yangu kulikuwa na mteja ameshika mfuko wazi.

"Anaitumia," nikasema.

"Na ujumbe tunaotuma unamfikia kwa wakati?"

"Unamfikia."

"Asante, mama. Tunashukuru kwa ushirikiano."

Kwa hiyo bado zinakuja. Mwezi uliopita zimekuja mbili. Nimeambiwa ninaweza kwenda kuifunga laini ya mama, ni ya jina langu, kidole changu tu kinatosha, na sijaenda. Meseji ikiingia naisoma yote, nambipu mama, yule dada wa mtandao ananijibu kwamba haipatikani. Kisha naweka simu juu ya gunia, nawaambia wateja wasubiri kidogo, nakaa kwenye kigoda naiangalia. Wananiona nimechanganyikiwa, na waache wanione hivyo. Nasubiri ilie mara moja. Anidanganye tu, nitanyamaza kama nilivyonyamaza.